Wameanza Kuniita Mama Sista

Morogoro, Jumapili usiku

Sakristia mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristo! Naisikia kabisa ile "milele amina" yako ya kuburuza, kama mtu aliyeamshwa kwa maji. Habari za Mwanza? Mapacha hawajambo? Baba yao mgongo unaendeleaje? Sisi huku wazima, ila mvua za masika zimetukatia barabara mara mbili, na paka wa jirani kazalia ndani ya tranka langu la shule, lile la bluu lenye jina lako mgongoni kwa sababu uliniuzia na rangi ya kulifutia hukunipa. Najua nimekaa kimya miezi minane. Ujumbe wa Pasaka usiuhesabu, ule niliwatumia watu wote kwa mkupuo. Leo nimeshika kalamu kwa sababu simu ingenishinda. Kwenye simu wewe ungecheka kwanza, mimi ningelia, na salio lingekata hapo hapo.

Mwanangu anataka kuwa sista.

Haya, nimeshaiandika. Ngoja nikanywe maji.

Jumamosi ya wiki mbili zilizopita ilikuwa siku ya wazazi shuleni kwake, kule kwa masista tulikosoma sisi. Nilishuka Mombo, nikanunua peasi na matunda damu ya wasichana wenzake, tukaanza kupanda mlima. Kona zile bado zinanitapisha, umri wote huu! Pale Soni maporomoko yalikuwa yamefura, abiria wote wakatoa simu kupiga picha, mimi nimefumba macho nimeshika mfuko. Shule ni ile ile na ukungu ni ule ule, unaingia mpaka kwenye shuka. Ila mikaratusi ya nyuma ya bweni imekatwa, na bwalo limewekwa marumaru. Ungeliona ungesema watoto wa siku hizi wanasoma hotelini.

Tukakaa kwenye majani karibu na groto ya Bikira Maria, nikafungua hotipoti. Wali, kuku wa kukaanga, kachumbari. Akala kidogo, akasukuma sahani. Mtoto wa bweni akiacha paja la kuku ujue kuna jambo. Nikamuuliza kama anaumwa, akasema hapana. Wakati wa kuagana ndipo akanipa karatasi ya daftari la hesabu, kaikunja mara nne, "Mama, usome ukifika nyumbani." Sasa mimi wa kungoja nyumbani? Niliisoma Mombo, nimesimama kando ya mama anayekaanga mihogo, basi linapiga honi na mimi silisikii.

Ameanza hivi: "Mama, usifikiri nimelogwa." Kurasa mbili. Hakuna neno hata moja la kuota malaika wala kusikia sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Angesema ameota ningemwambia apunguze makande usiku. Anasema amefikiri tangu kidato cha pili. Anasema kila Jumamosi wanakwenda na TYCS, kile chama cha wanafunzi Wakatoliki, kuwachotea maji na kuwatafutia kuni wazee wa kijijini, na kuna bibi mmoja haoni, humshika uso kwa vidole kumjua ni nani, na siku wasipokwenda hakai na mtu mpaka Jumamosi nyingine. Anasema alimwona yule sista mwuguzi akimkata bibi huyo kucha za miguu, amepiga magoti kwenye udongo, wanabishana kuhusu bei ya maharage. "Nikajua ninachotaka, Mama." Unakumbuka tulivyokuwa tukikariri Ona, Amua, Tenda ili mkutano uishe tuwahi uji? Basi mwenzetu ameona, ameamua, sasa anataka kutenda.

Nikwambie ukweli ambao paroko sikumwambia. Mimi nilimpeleka kule akapate divisheni wani, si akapate wito. Nilipiga hesabu zangu: simu hairuhusiwi, wavulana hakuna, walimu wanaingia darasani, prepo inasimamiwa. Dini niliihesabu kama makande, ipo kwenye ratiba, utaila, haitakuua. Miaka minne tuliila wote, na wote tukatoka salama.

Isipokuwa wewe.

Nitarudi hapo. Kwanza uzisikie fujo za huku. Nilikosea nikamwambia mama mkwe. Jumamosi iliyofuata nafika jumuiyani alfajiri, hata rozari haijaanza, nasikia, "Karibu, Mama Sista!" Mwanamke mzima nikageuka nyuma kutafuta anayeitwa. Sasa ndiyo jina langu mtaa mzima, muuza mkaa analo, na yeye ni Mlutheri. Katibu wa jumuiya, si unamfahamu, ameniuliza kama siku ya nadhiri tutachinja ng'ombe au mbuzi watatosha. Mtoto yuko kidato cha tatu! Bado hajajua hata kanuni ya Newton vizuri! Baba yake ndiye kaniudhi zaidi kwa utulivu wake. Kasoma barua, kavua miwani, kasema, "Akienda aende, akirudi chumba chake kipo." Akarudi kwenye taarifa ya habari. Nilitaka anisaidie kuogopa, hakunisaidia.

Nikiwa pale pale Mombo nilimpigia Sista, yule mlezi wa miito. Nilikuwa nimejipanga kugomba, Sakristia, maneno nilikuwa nayo mdomoni, mnawavuta watoto wetu, tunawaleta kusoma ninyi mnawavalisha. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akasema wao wamemwambia amalize kidato cha nne, na matokeo yakiwa mazuri aendelee mpaka cha sita, ndipo aje waongee. "Sisi hatuna haraka, Mama." Ukiwa na hasira mtu akakujibu hivyo, hasira unaipeleka wapi? Nilinunua mihogo ya elfu moja nikaila yote.

Paroko naye nilimwendea baada ya Misa. Mimi nilikuwa nadhani ukiingia mlango umefungwa. Akanihesabia kwa vidole: kwenye unovisi, yaani kipindi cha malezi kabla ya nadhiri, hapokelewi mtu kabla ya miaka 17, na kipindi chenyewe si chini ya miezi 12. Halafu nadhiri za muda, miaka 3 mpaka 6 kwa kawaida, na muda ukiisha mtu yuko huru kuondoka bila kosa lolote. Nadhiri za daima si kabla ya miaka 21. Na kabla ya yote hayo kuna uaspiranti na upostulanti, ambapo, alisema hivi kabisa, "hapo hajaahidi kitu, Mama, anaangalia na anaangaliwa."

Hapo ndipo nilipokukumbuka nikashindwa kuinuka kwenye kiti.

Kwa sababu uliporudi kutoka utawani mwaka 2001, wewe ulikuwa aspiranti. Hukuwa umeweka nadhiri hata moja. Na sisi huku tulisemaje? "Amevunja nadhiri." "Ametoroka utawa." Mama Bonge alisema umefukuzwa, na yule wa duka la vitenge akasema mengine ambayo siyaandiki. Nadhiri ipi? Nimekaa na neno hilo zaidi ya miaka ishirini na sikuwahi kuuliza linatoka wapi. Na mimi, rafiki yako wa dabo deka moja, niliyekuwa nakushikia kioo ukichana nywele, nilikaa wiki tatu bila kuja kwenu. Wiki tatu, na kutoka kwetu mpaka kwenu ni dakika kumi kwa miguu. Siku moja nilikuona sokoni una kile kisanduku chako cha bati, umekaa pale panapouzwa mafuta ya taa, nikapita upande wa samaki. Sijui kama uliniona. Nafikiri uliniona.

Sikuogopa kwamba umefanya dhambi, usinielewe vibaya. Niliogopa nikuulize nini. Nilidhani ukitoka huko unatoka na jeraha, na mimi sina dawa. Kisha ukaolewa, tukacheka, mapacha wakaja, ikawa kama halikutokea. Unafundisha chekechea, unaimba sauti ya pili kanisani kama zamani, na mimi mpaka leo sijui kwa nini uliondoka. Sijui hata kama uliondoka kwa huzuni au kwa furaha. Rafiki gani huyo?

Basi nilipokuwa nawaza hayo, jambo lililonijia akilini ni ule usiku wa kengele. Unaukumbuka? Saa ya mezani imesimama, mimi naona giza limepauka nadhani ni saa kumi na moja na nusu, kumbe mbalamwezi, saa tisa kasoro. Nikapiga kengele kwa nguvu zote. Wasichana mia tatu kwenye baridi ile, mablanketi mabegani, kwaya imeshaanza wimbo wa kuingia, wewe umewasha mishumaa yote sita. Na Sista Mkuu anatokea mlangoni na tochi, hana shela! Kichwa wazi, mvi tele, kasuka twende kilioni kama shangazi yangu. Hakuna aliyecheka. Tulikuwa hatujawahi kufikiri kwamba chini ya kile kitambaa kuna nywele, na kwamba mtu huzisuka, na lazima kuna mwenziwe aliyekaa nyuma yake jioni akamsuka. Akatuangalia, akazima mishumaa miwili kuokoa nta, akasema, "Haya, mkishaamka mmeamka, tusali." Tukasali mpaka kukakucha. Wewe ulilala umeegemea kabati la mavazi ya padri. Mimi nikabaki na jina mpaka leo.

Nimemweleza binti yangu kisa hicho mara nyingi kama kichekesho. Kwenye barua yake anakitaja. Anasema sehemu anayoipenda ni ile ya aliyemsuka. Sikuwahi kumwambia kuna aliyemsuka! Aliifikiri mwenyewe.

Jambo jingine dogo, litakufurahisha. Anasema anayemwamsha kwenda Misa ni binti wa Kiislamu wa kitanda cha chini, kwa sababu huyo anakuwa ameshaamka kwa sala yake ya alfajiri. Anamvuta mguu, "Amka, Padri wako anakuja." Nikamkumbuka bingwa wetu wa hesabu wa Pangani, tulivyokuwa tunamfichia uji wa daku chini ya ndoo, na matroni anajua, anapita anatazama dari.

Sasa ombi. Likizo ya Juni inaanza wiki ya kwanza, atakuwa hapa mwezi mzima. Nataka uje uongee naye. Si umkataze, na wala si umtie moyo. Mimi kila nikifungua mdomo kinatoka ama kilio ama mahubiri, na yeye ananiangalia kwa upole ule wa watu waliokwisha kuamua. Nataka amwone mtu aliyeingia akatoka na bado anacheka. Umwambie saa za kuamka, kazi za shambani, kukaa mbali na mama yako akiugua, kila kitu. Na umwambie kwa nini ulitoka, kama unaweza. Na kama unaweza, na mimi niwepo chumbani. Nikikatiza nifukuze.

Nauli ni juu yangu, usibishe. Panda basi mpaka Dodoma, hapo chukua treni ya umeme, utafika Morogoro mgongo haujakuuma. Uje na mapacha kama shule zao zimefunga. Chumba kipo, paka na wanawe nitawahamisha.

Nikuulize na mengine, maana najua utajibu nusu. Kule ndani ulikuwa na furaha? Kuna aliyekuwa anakusuka? Kisanduku cha bati bado unacho? Ulipotoka, aliyekuumiza zaidi alikuwa nani, watu wa mtaani au mimi? Ukiwa mtu mzima hivi, ukipita nje ya nyumba ya masista ukasikia wanaimba masifu ya jioni, moyo unafanyaje? Mama yako alikuambia nini siku ile ya kwanza? Mimi nimwambie nini huyu? Na siku ile sokoni uliniona?

Barua hii nampa kondakta wa basi la Mwanza, nimemlipa, ukaidai stendi. Ndani ya bahasha kuna kimfuko cha nailoni. Ni zile kingo za hostia wanazobakiza masista wakishakata, bado wanazioka wenyewe na bado wanawagawia wasichana. Binti yangu alinipa mfuko mzima, nikala nusu ndani ya basi kama tulivyokuwa tukifanya nyuma ya sakristia. Zako zikifika zimekuwa unga, lamba hivyo hivyo.

Wako,
Kengele