Barua ya wazi kwa Waziri wa Michezo: jezi za watoto zisitangaze pombe

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya michezo,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

YAH: NEMBO ZA POMBE KWENYE JEZI ZA SAIZI YA WATOTO

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mwalimu wa darasa la pili katika shule ya msingi huku Temeke, na jioni nawafundisha mpira watoto wa mtaa wa miaka saba hadi kumi na miwili. Uwanja wetu ni kipande cha mchanga nyuma ya gereji. Magoli ni mabomba ya maji yaliyochomelewa, na mpira tunaujaza upepo kwa fundi baiskeli. Jezi kila mtoto huja na yake, na hizo jezi ndizo zilizonifanya nikuandikie.

Darasa la pili ndipo mtoto anapoanza kusoma kila anachokiona: mgongo wa daladala, mfuko wa unga, ukuta wa duka. Jioni moja mtoto wangu mmoja aliwahi kufika mazoezini, amevaa jezi ya mtumba ya timu ya Ulaya, saizi yake kabisa, mama yake ameinunua mnadani. Alikaa juu ya tofali akaivuta jezi mbele ili akione kifua chake, akaanza kusoma kichwa chini, kidole kikitembea herufi baada ya herufi. Alihangaika nalo lile jina mpaka akalimaliza. Akaniangalia, anasubiri pongezi. Nikampongeza, maana kweli alikuwa amesoma. Kisha akauliza, "Mwalimu, huyu ni mchezaji gani?"

Nikamwambia si mchezaji. Mwenzake wa miaka kumi, anafunga kamba za viatu pembeni, akajibu kabla yangu: "Hiyo ni bia. Baba anakunywa."

Yule mdogo akalitazama tena lile jina, safari hii kwa heshima zaidi.

Nilimweleza mama yake. Hakugomba, wala hakuona nimemwingilia. Usiku ule akaweka gazeti juu ya maandishi, akapitisha pasi ya moto, gundi ikalainika, akabandua herufi moja moja kwa wembe. Kesho yake jezi ikaja kifua kitupu. Lakini ukisimama karibu unalisoma jina vilevile, kwa sababu pale lilipokuwa kitambaa hakikupauka kama kwingine. Imekuwa kivuli cha jina. Nimeiona jezi hiyo kila wiki tangu siku ile, na kila nikiiona najiuliza kwa nini kazi hii imeachiwa mama mwenye pasi na wembe.

Mheshimiwa, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, na inakataza kumuuzia pombe. Chupa za bia zinazouzwa nchini nazo zinaandikwa wazi kuwa haziruhusiwi kuuzwa kwa aliye chini ya umri huo, na chini yake tunakumbushwa kunywa kistaarabu. Jina lilelile likihamia kwenye jezi, onyo linabaki kwenye chupa. Sijawahi kuona jezi iliyoandikwa kifuani kwamba mwenye miaka saba haruhusiwi. Na muuza duka aliyekatazwa kumpa mtoto huyo chupa anamuuzia tangazo lake bila kuvunja sheria yoyote. Mtoto analivaa shuleni siku ya michezo, analivaa sikukuu, analivaa kulala.

Hili si jambo la kigeni kwetu. Taifa Stars ilidhaminiwa na bia ya Serengeti, ikaja bia ya Kilimanjaro, na mwaka 2017 Serengeti wakarudi tena. Simba na Yanga, ambao hawaketi meza moja, kwa miaka kadhaa walivaa kifuani jina moja la Kilimanjaro Premium Lager. Fikiria mtoto wa wakati ule: awe mwekundu, awe wa kijani, hakuwa na pa kukimbilia. Jirani zetu wa Kenya wana Tusker, klabu iliyoitwa zamani Kenya Breweries, na hata ligi yao kuu iliwahi kubeba jina la bia hiyo. Kigali kuna klabu ya Rayon Sports na bia ya Skol.

Siyasemi haya kuzilaumu kampuni hizo. Zilileta fedha wakati klabu zetu zinaishi kwa harambee na mifuko ya wanachama wachache, na mchezaji aliyekaa miezi bila mshahara hachagui mdhamini. Mimi mwenyewe, kampuni ikija kesho kuniwekea nyavu kwenye magoli yangu, nitashawishika. Naelewa kabisa.

Ndiyo maana ombi langu ni dogo kuliko watakavyodhani watu wa masoko. Siombi bia iondoke kwenye jezi ya mchezaji. Nina maoni yangu juu ya hilo, lakini nayaacha kwa leo. Naomba saizi za watoto, na hizo tu, zitoke kiwandani bila jina la pombe: rangi ileile, nembo ya klabu ileile, jina na namba ya mchezaji anayempenda mgongoni.

Wenzetu wa Uingereza wamefanya hivyo, na si watu wasiopenda bia. Liverpool walivaa jina la Carlsberg kuanzia 1992 hadi 2010. Ile picha ya nahodha wao Gerrard akinyanyua kombe la mabingwa wa Ulaya Istanbul mwaka 2005, jina liko pale kifuani. Everton walivaa Chang, bia ya Thailand, kuanzia 2004. Huko Glasgow, Celtic na Rangers, mahasimu kama hawa wetu, nao kwa miaka walivaa bia moja, Carling. Wazazi wakapiga kelele, madaktari wakapiga kelele. Mwishowe Portman Group, chombo kilichoundwa na kampuni za vileo zenyewe, kikaweka katika kanuni zake kwamba kuanzia mwaka 2008 mikataba mipya isiweke nembo za pombe kwenye jezi za saizi ya watoto.

Je, fedha zilikimbia? Carlsberg waliendelea kukaa kifuani mwa Liverpool hadi 2010, na hata baada ya hapo wakabaki washirika wa klabu. Chang walikaa na Everton hadi 2017, miaka tisa baada ya kanuni hiyo kuanza. Mdhamini anamlenga mnywaji, na mnywaji anavaa saizi ya mkubwa. Kampuni ya bia ikikuambia, Mheshimiwa, kwamba haiwezi kuidhamini timu bila kifua cha mtoto wa miaka saba, nakuomba uiulize kwa upole inakitakia nini kifua hicho.

Wafaransa walikwenda mbali zaidi. Sheria yao ya 1991, wanayoiita ya Évin kwa jina la waziri aliyeisimamia, ilikataza pombe kudhamini michezo. Timu za Uingereza zenye nembo za bia zilipokwenda kucheza huko zilifungua masanduku zikatoa jezi zisizo na jina la mdhamini, zikacheza dakika tisini, zikarudi kwao. Nalisema hili kwa sababu nimeshaambiwa na muuza jezi mmoja kwamba kutoa jina ni kazi ngumu kiwandani. Kama liliweza kutolewa kwa ajili ya mechi moja ya Jumanne usiku, litatoka.

Sasa kuna jambo linaloniuma zaidi, na naomba ulisome taratibu. Kanuni ile ya Uingereza inamlinda mtoto wa Uingereza. Jezi nyingi za timu hizo zinazouzwa Kariakoo hazitoki kwa klabu. Ni nakala, na anayezitengeneza huchukua jezi ya mkubwa akaipunguza mpaka imwenee mtoto, pamoja na kila kilichomo kifuani. Juu ya hizo kuna mabelo ya mitumba, yenye jezi za miaka ya nyuma ambazo kwao hazitengenezwi tena. Matokeo yake, mtoto wa kule Merseyside, nyumbani kwa Liverpool na Everton, anaweza kuvaa kifua kitupu kwa sababu wakubwa wake walikaa wakaona haifai, na mtoto wa Mbagala anayeshangilia timu ileile akalibeba jina lote. Tunawanunulia watoto wetu kitu ambacho wenye timu walikiona hakiwafai wao.

Watoto wangu wengi huja mazoezini saa kumi wakitoka madrasa. Mmoja wao alikuwa anavaa jezi yake nje ndani, mishono yote inaonekana, na kwa wiki nzima nilidhani ni usahaulifu. Siku niliyotaka kumgeuzia akashika pindo kwa mikono miwili. Ustadhi alikuwa amemwambia asiingie chuoni na jina lile kifuani, na yeye alikuwa hana jezi nyingine, wala hakutaka kuacha kuivaa ya timu yake. Akatafuta njia. Akili ya mtoto huyo ilinipa furaha na huzuni kwa pamoja. Hashim Amla, mcheza kriketi mkubwa wa Afrika Kusini, alipoona imani yake haimruhusu kuvaa nembo ya Castle Lager, alisema hapana, na akaichezea nchi yake akiwa na jezi isiyo na nembo hiyo. Yeye alikuwa mtu mzima, na alisikilizwa. Huyu wangu ana miaka minane na anavaa nje ndani.

Mheshimiwa, Serikali hii inajua kuchukua hatua ikitaka. Machi 1, 2017 viroba, ile pombe kali ya kwenye vifuko vya plastiki, vilipigwa marufuku. Tuliambiwa biashara zitakufa, na ni kweli wapo walioumia. Lakini sisi walimu tulikuwa tunaviokota vile vifuko nyuma ya vyoo vya shule, na baada ya pale tukaacha kuviokota. Wakubwa pia wanaikumbuka Sigara, timu ya Dar es Salaam iliyocheza ligi kuu ikiwa na jina hilohilo. Leo ukitengeneza jezi ya mtoto yenye jina la sigara, utashangaza mtaa mzima. Kwa pombe hatujafika hapo, na sioni sababu ya kuchelewa.

Najua watakaokuambia kwamba hoja hii imepitwa na wakati, kwa kuwa SportPesa, kampuni ya kubeti, waliingia Simba na Yanga mwaka 2017, na siku hizi vifua vingi ni vya kampuni za kubeti. Hao wamenisaidia. Kanuni itakayoandikwa iandikwe kwa vyote viwili, kwa sababu mtoto aliyekatazwa kunywa amekatazwa pia kubeti, na watoto wangu wa miaka kumi tayari wanajua mkeka wa kubeti ni nini. Ligi Kuu ya England yenyewe ilikubaliana Aprili 2023 kuyaondoa majina ya kubeti mbele ya jezi za mechi, hata za wakubwa, ifikapo mwisho wa msimu wa 2025/26.

Nakuandikia sasa kwa sababu ya 2027. Kombe la Mataifa ya Afrika linakuja kwetu, kwa Wakenya na kwa Waganda. Agosti 2025, wakati wa CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, niliona kitakachotokea: barabara ya kwenda Uwanja wa Mkapa imejaa watoto wenye rangi za Taifa, wamepakatwa kwenye bodaboda, wamebebwa mabegani, na tulipotolewa na Morocco robo fainali walilia na jezi zao mwilini. Mwaka 2027 watakuwa wengi zaidi, na mikataba ya jezi na fulana za mashabiki haitasubiri mwaka huo kusainiwa. Kanuni ikija baada ya makontena, imechelewa.

Kwa hiyo naomba uliagize Baraza la Michezo la Taifa, likae na TFF na klabu, waweke kifungu kwenye mikataba ya udhamini na ya kutengeneza jezi: saizi za watoto hazibebi jina, nembo wala kauli ya kampuni ya pombe au ya kubeti. Kifungu kiguse pia fulana, kofia na mabegi ya shule, maana ukiziba jezi watahamia huko. Kwa nakala zinazoingia bandarini, Tume ya Ushindani tayari ina kazi ya kupambana na bidhaa bandia. Iombwe ianze na saizi za watoto. Na kwa kuwa michezo si jambo la Muungano, naomba uongee na mwenzako wa Zanzibar, ili jezi isiyouzwa Kariakoo isije ikauzwa Darajani.

Mitumba sijui tuifanyeje. Labda huko pasi na wembe vitaendelea kwa muda.

Nina watoto ishirini na wawili. Tunafanya mazoezi Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, saa kumi na nusu jioni. Ukiwa Dar es Salaam siku yoyote kati ya hizo, karibu. Usilete mpira wala zawadi. Simama tu kwenye mstari wakiwa wanapasha misuli, usome vifua vyao kimoja kimoja, na ukifika kwa yule mwenye kivuli cha jina, muulize ameshajua yule ni mchezaji gani.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu na kocha wa watoto,
Temeke, Dar es Salaam.