Binti yangu alipomwandika Kofia Nyekundu kwenye mtihani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua za wasomaji. Mimi ni mama lishe wa Tandika, Temeke. Gazeti lako nalisoma, ila si siku linapotoka. Wateja hulisahau kwenye benchi, nami nalihifadhi chini ya meza mpaka jioni, na kesho yake linafungia maandazi. Ukurasa wa barua huwa nauchana wa mwisho.

Katika kuchana huko nikakutana na msomaji mwenzangu aliyelalamika kwamba vijana wa sasa hawasomi vitabu, wanasoma simu. Sibishani naye. Nataka tu nimweleze yanayompata mtoto anayesoma kitabu kweli kweli, kwa sababu ninaye mmoja nyumbani, yuko kidato cha tatu shule ya kata.

Kitabu chenyewe ni Watoto wa Mama N'tilie, riwaya ya Emmanuel Mbogo iliyotoka mwaka 2002. Wanafunzi wa sekondari wameisoma miaka na miaka. Wengi wanalitamka jina hilo bila kujua lilipotoka. Mteja akifika kibandani anasema, "Mama, n'tilie," yaani nipakulie. Basi, tukaitwa hivyo. Siku hizi kwenye hotuba wanatuita mama lishe, na mimi mwenyewe nimeandika hivyo hapo juu ili nionekane mtu wa maana. Kibandani bado ni n'tilie, na mara nyingi ni n'tilie nitakulipa kesho.

Binti yangu alikileta nyumbani Ijumaa moja. Kitabu kimoja wanasoma watoto watano, kwa hiyo zamu yake ilikuwa hadi Jumatatu. Nilitegemea atakisoma huku ananiangalizia maharage, lakini alikificha. Nilikikuta chini ya godoro natafuta kanga. Nikajua kuna jambo, maana mtoto hafichi kitabu cha shule, anaficha simu.

Kumbe shuleni alikuwa amewaambia wenzake kwamba mama yake ni mfanyabiashara. Si uongo. Lakini wenzake wawili walipita hapa wakamwona anasuuza masufuria, na wakati huo darasa limeanza kusoma habari za Mama N'tilie na watoto wake, Peter na Zita. Jumatatu ya wiki ile, kabla hajaleta kitabu, wakambatiza: Zita. Akiingia darasani, "Zita, leo umetuletea ukoko?" Wiki nzima hakukanyaga kibandani. Nikaosha vyombo peke yangu na mgongo huu, huku yeye ananiambia ana masomo ya ziada.

Nikaamua nikisome mwenyewe. Mimi nimeishia darasa la saba, lakini kusoma najua. Umeme wa LUKU ulikuwa umekwisha, nikasoma kwa tochi ya simu, siku mbili, mpaka simu nayo ikazima. Niseme ukweli, mwanzoni nilikasirika. Yule baba, Mzee Lomolomo, ni mlevi wa kupindukia, na nikaona wazi sasa mtaa mzima utadhani kila mama lishe ana Lomolomo nyumbani. Mume wangu hanywi. Ni fundi magari aliyeumia kiuno, na hapo alipo anakaa mlangoni anachambua mchele. Hakuna mwandishi aliyekuja kumwandika yeye.

Lakini kuna kurasa nilizisoma mara mbili. Pale watoto wanaporudishwa nyumbani kwa kukosa ada na sare, nilifunga kitabu nikanywa maji. Hilo halikuwa la kuhadithiwa kwangu.

Jumapili jioni nikamwita binti, nikamwekea kitabu mezani, nikamwambia mwanangu, nimekisoma, sasa kaa hapa tukiongee. Alishtuka kama nimemfumania. Tukakaa na sinia la vitunguu katikati yetu, anamenya mimi nakata.

Cha kwanza alichoniambia: "Mama, hiki kitabu kimepitwa. Watoto wanafukuzwa kwa ajili ya ada, na sisi ada hatulipi."

Nikamwambia ada ya sekondari imefutwa mwaka 2016. Kaka yake alianza kidato cha kwanza kabla ya hapo, na ada ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Watu wanacheka wakisikia kiasi hicho. Asubuhi moja nilimwona kaka yake anarudi na begi mgongoni saa tatu, nikadhani anaumwa. Akasimama pale penye karai la chapati, hasemi kitu. Nikampa kisu amenye viazi. Ile pesa niliimaliza kuilipa kwa sarafu, na mpokeaji alizihesabu mbele ya watoto wengine. Binti yangu hakuwa anayajua hayo, na kaka yake hajawahi kumwambia.

Akanyamaza, halafu akasema: "Lakini bado tunachangishwa." Ni kweli. Kuna mchango wa mlinzi, kuna chakula, kuna karatasi za mtihani, kuna sare, kuna nauli ya daladala na konda anayekataa wanafunzi. Ada imeondoka, imetuachia watoto wake. Hapo ndipo nikaona binti yangu anaanza kukisoma kitabu upya. Anafungua, anasoma aya, ananiuliza: hili kwetu lipo? Hili halipo? Kwa nini halipo? Akauliza kwa nini Mama N'tilie hana kitambulisho cha mjasiriamali. Nikacheka. Nikamtolea changu cha shilingi 20,000, kile tulichopewa enzi za Magufuli, bado ninacho kwenye kopo la chumvi pamoja na picha zangu za pasipoti. Nikamwambia mwaka 2021 tulipoondolewa barabarani hakikunisaidia kuzuia hata bati moja lisibomolewe. Yeye anaikumbuka siku ile kwa sababu sufuria kubwa la wali lilipondeka. Lipo hadi leo, linakaa upande.

Wiki iliyofuata alirudi kibandani bila kuitwa. Wenzake walipomwita Zita akawajibu, "Ndiyo, na mama yangu anawadai baba zenu." Sikumfundisha mimi maneno hayo, ingawa ni kweli, wawili nawadai.

Sasa nije kwenye kilichonikalisha niandike.

Ukafika mtihani wa muhula. Swali likawa: jadili nafasi ya mwanamke katika riwaya mbili ulizosoma. Kila mwanafunzi Tanzania hii analijua swali hilo, na majibu yake yamekwishachapwa. Vijitabu vya uchambuzi vinauzwa, mimi mwenyewe nilimnunulia kimoja shilingi 3,000. Mwanamke amechorwa kama mlezi, mvumilivu, mchapakazi, mtu duni, chombo cha starehe. Mtoto anakariri kama anavyokariri jedwali la kuzidisha, na anaweza kupata alama zote bila kukishika kitabu chenyewe.

Binti yangu aliandika hayo, isipokuwa hoja moja. Nimeikopi kutoka kwenye karatasi yake:

"Pia mwanamke amechorwa kama mhasibu na benki. Mama N'tilie anauza chakula ili alee watoto wake. Mtu anayeuza chakula mtaani lazima akopeshe, kwa sababu wateja wake nao hawana pesa kila siku. Mwandishi hakutuonyesha daftari lake la madeni lakini lazima analo. Kwa mfano mama yangu analo, na wateja asiowajua majina huwaandika kwa sifa, kama vile Kofia Nyekundu, ugali dagaa tatu, 4,500. Yeye mwenyewe akikwama hakopeshwi na wateja, anakwenda kwa kausha damu, wanaokopesha kwa riba kubwa. Hivyo mwanamke anaukopesha mtaa lakini mtaa haumkopeshi."

Pembeni, kwa kalamu nyekundu: "Nje ya kitabu." Na sifuri.

Mhariri, mimi daftari hilo naliandika mwaka wa kumi sasa, na sijawahi kulifikiria hivyo. Kausha damu nimekopa mara mbili na kuapa mara mbili. Mtoto wa miaka kumi na sita kasoma kitabu cha mtu mwingine, akatoka humo na jambo la nyumbani kwake ambalo mimi mwenye nyumba nilikuwa silioni. Akapewa sifuri.

Simlaumu sana mwalimu, na shule siitaji. Nilikwenda kumwona, nimebeba na vitumbua maana si vizuri kwenda mikono mitupu. Ni kijana mstaarabu. Ana mikondo miwili, na kila darasa limepita watoto themanini. Akaniambia, "Mama, hoja yake ni nzuri, mimi mwenyewe ilinichekesha. Lakini mtihani wa Taifa nikimzoesha hivi ataumia. Mtahini anataka mfano kutoka kitabuni. Akimkuta mtu wa kofia nyekundu atamtafuta kwenye riwaya hatamwona."

Nikamkubalia nusu. Na nikiri, nilipofika nyumbani siku hiyo nilimwambia binti, mwanangu, andika wanachotaka, alama ndizo zitakazokupeleka kidato cha tano, ya nyumbani tuyaache nyumbani. Akaniangalia tu. Nililala vibaya.

Ile nusu nyingine ndiyo naileta kwako. Hoja ile ilianzia kitabuni. Alichofanya ni kumwuliza mwandishi: mbona daftari hukulionyesha? Kama kumwuliza mwandishi swali ni kutoka nje ya kitabu, basi wanaofundishwa ni kuimba tu.

Nina mfano mwingine, si wa kwangu. Darasani kwao yupo kijana mwenye ualbino, Jumamosi huja na binti yangu kula chapati. Wamesoma pia riwaya ya Takadini ya Ben Hanson, habari za mtoto wa huko Zimbabwe aliyezaliwa na ualbino, mama yake Sekai akamtorosha ili asiuawe. Hapa kwetu watoto wamekua wakisikia mauaji ya watu wenye ualbino Kanda ya Ziwa, kwa hiyo kitabu hicho hakikuwa kigeni kwa yeyote. Kijana huyo anasema wakati wa kukisoma darasa zima lilikuwa linamwangalia yeye kwa pembe ya jicho. Wakaorodhesha sifa za mhusika mkuu, wakaorodhesha mila potofu, kengele ikalia. Hakuna aliyemgeukia kumwuliza neno.

Nikamwuliza mimi, nageuza chapati: wewe ungeulizwa, ungesema nini? Nilidhani atasema habari za kutekwa au kubaguliwa. Akasema, "Mama, mimi ubao siuoni." Macho yake hayaoni mbali, kama walivyo wengi wenye ualbino, na hata akikaa mbele maandishi ya chaki anayaona kama vumbi. Ananakili kwa jirani, na jirani ana mwandiko mbaya. Kwa hiyo mada nzima ya Takadini aliiandika kwa kuchungulia daftari la mwenzake, na pengine mwalimu hajui mpaka leo. Lingeulizwa swali moja tu, wapi kitabu hiki kinafanana na unayoyajua na wapi hakifanani, lingejulikana.

Hapo penye "hakifanani" ndipo penye utamu, nimeona kwa binti yangu. Kilichofanana kilimtia aibu. Kisichofanana, yaani baba asiyekunywa, ada iliyofutwa, daftari lisiloonyeshwa, ndicho kilichomfanya aulize.

Ombi langu kwa Baraza la Mitihani na kwa wanaotunga mitaala: swali la namna hiyo liwekwe, hata moja, hata la alama chache, ili mwalimu wa watoto themanini apate ruhusa ya kuuliza. Mwalimu haogopi watoto, anaogopa matokeo. Likiwa kwenye karatasi atalifundisha. Najua kuna watakaosema watoto watatunga uongo. Watatunga, ndiyo, kama wanavyotungiwa sasa na vijitabu vya shilingi 3,000.

Ile karatasi nimeibandika kwenye nguzo ya kibanda, juu ya ndoo ya kunawia, sifuri yake ikiwa hapo hapo. Wateja wanaisoma wakisubiri ugali. Alhamisi iliyopita mwenyewe Kofia Nyekundu alisimama mbele yake muda mrefu, maji yanamdondoka mikononi. Akaniuliza, "Mama, huyu ni mimi?" Nikamwambia sijui, mwulize mwandishi, yule pale anaosha sahani. Akatoa 4,000. Ile 500, akasema, anaibakiza kwa kuwa ameandikwa bila kuombwa.

Mama lishe,
Tandika, Dar es Salaam