Seva ya Nyumbani Imegoma Kuwaka? Tazama Kwanza Inakwama Wapi

Seva kuukuu ni nadra kugoma ikiwa kazini. Hugoma umeme ukikatika na kurudi, au ikizimwa ili ipanguswe vumbi. Kilichochakaa kilichakaa zamani, ila kapasita (kifaa kidogo kinachotunza chaji) iliyochoka huweza kuvumilia ikiwa na joto, na betri ya ubao mama, yaani bodi kuu ya mashine, haionekani imekwisha hadi mashine ichomolewe. Basi usikimbilie kusakinisha upya mfumo. Diski huenda haina kosa lolote, na hapo ndipo watu hufuta data yao kwa mikono yao.

Ikiwa hakuna taa wala feni inayozunguka, anza na waya wa zambarau kwenye plagi kubwa ya pini 24. Seva ikiwa imezimwa lakini imechomekwa kwenye umeme, waya huo lazima uwe na volti 5. Kati ya 4.75 na 5.25 ni sawa. Ukipata pungufu, chomoa plagi hiyo kwenye ubao na upime tena: zikirudi 5, huenda ubao ndio wenye shoti. Zisiporudi, badilisha pawa saplai. Usiifungue, kwani kapasita zake hubaki na chaji hatari hata baada ya kuchomolewa. Rangi hii ni ya ATX ya kawaida, yaani muundo wa pawa saplai za kompyuta nyingi; baadhi ya seva za viwandani zina mpangilio wao.

Feni zikizunguka kidogo kisha kila kitu kikazima, chomoa umeme wa diski zote ujaribu tena. Diski ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka hunyonya karibu ampea 2 kwenye njia ya volti 12, kwa hiyo diski nne zikiamka pamoja huweza kuiangusha pawa saplai iliyozeeka. Seva ikifika BIOS (programu ya ubao inayoanza kabla ya mfumo) bila diski, jibu umelipata.

Feni zinazunguka lakini skrini ni giza? Mara nyingi ni RAM, vile vipande vya kumbukumbu. Chomoa zote, sugua miguu yake ya dhahabu taratibu kwa ufutio wa penseli, kisha rudisha kipande kimoja kimoja, ukibadilisha na nafasi pia.

Betri ya ubao mama, ile ya kitufe iitwayo CR2032, ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Ikiwa mpya ina volti 3 au zaidi kidogo. Ikishuka chini ya 2.8, itupe. Saa kurudi miaka mingi nyuma ni usumbufu mdogo. Tatizo ni kwamba BIOS husahau mipangilio: diski zilizokuwa kwenye hali ya AHCI huweza kurudi hali ya zamani ya IDE, mpangilio wa kuwasha hugeuka, na RAID (diski kadhaa zilizounganishwa kama moja) iliyoundwa kupitia ubao huonekana kama diski zisizojuana. Rudisha kwanza mpangilio wa zamani. Na mashine ikikuuliza kama ianzishe diski upya, yaani iifute, kataa!

Ikipita hapo ikaishia kwenye hali ya dharura ya Linux, angalia faili ya /etc/fstab, yenye orodha ya diski za kufunguliwa seva inapowaka. Diski moja ya ziada iliyokufa au kuondolewa hutosha kuzuia seva nzima isiwake. Kuongeza neno nofail kwenye mstari wake huiruhusu iendelee bila hiyo. Kisha soma ripoti ya smartctl, programu ya kupima afya ya diski, hasa namba 5 (sehemu mbovu zilizokwisha badilishwa) na 197 (sehemu zinazoshindwa kusomeka). Namba 197 ikiwa si sifuri na inapanda, usiendeshe fsck (programu ya kurekebisha mfumo wa faili) bado, maana itaandika juu ya diski inayokufa. Nakili kwanza kwa ddrescue, programu ya kuokoa data, kwenda diski nyingine. Diski inayogonga tiki-tiki izimwe mara moja. Kila ukiiwasha unapunguza kinachoweza kuokolewa.

Ukiamua kutuletea sisi mafundi, piga picha ya nyaya kabla ya kuchomoa chochote, andika namba juu ya kila diski kulingana na nafasi yake, na uje na diski zote za RAID, hata ile unayodhani imekufa.