Pua inayokimbia

Mpendwa Mama Neema,

Salamu nyingi kutoka Morogoro. Huku sote wazima, ila mvua haitupi nafasi hata ya kuanika nguo. Barua yako nimeipata, na swali la Neema limenichekesha mpaka machozi: eti pua ya Mzungu iki-"run", inakimbilia wapi?

Mwambie neno hilo "run", yaani kukimbia kwa Kiingereza, hata Waingereza wenyewe linawatoa jasho. Katika kamusi kubwa ya Oxford, toleo la mwaka 1989, neno lililochukua nafasi kubwa kuliko yote lilikuwa "set". Walipoanza kuipitia upya, "run" likalipita. Mhariri mmoja, Peter Gilliver, alikaa nalo miezi tisa, akatoka na maana 645, tena za kitenzi tu. Miezi tisa, mwenzangu! Mimba nzima.

Neema hahitaji zote hizo. Mtoto akitokwa na makamasi, "run". Maji yakitiririka bombani, "run". Kitenge kipya kikichuja rangi kwenye beseni na kuliharibu shati jeupe la baba yake, ni "run" hiyo hiyo. Mwenye duka huli-"run", na basi la Dodoma nalo hu-"run" kila siku.

Mimi hunifurahisha zaidi la siasa. Mmarekani akiutaka urais, "anakimbia". Mwingereza akiutaka ubunge, "anasimama". Sisi tunagombea, wala hatufichi kwamba humo ndani mna kugombana.

Sasa lile daftari lake la "run = kimbia" aliweke kando. Aandike sentensi nzima nzima: ya pua, ya bomba, ya duka. Neno la namna hii hushikika likiwa na wenzake. Mbona sisi tunapiga simu, pasi, mswaki, kura, hata miayo, na hakuna anayeumia? Hakuna aliyetukalisha chini kutufundisha orodha. Nasikia mwalimu wao anawakaririsha maana kumi kumi. Sitaki kumsema mwalimu wa watu, lakini hapo mtoto anachoka bure.

Kamusi niliyomwahidi nitaikabidhi kwa kondakta Ijumaa asubuhi, nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni kwa ajili ya mvua. Mtume Neema stendi mapema, maana wale hawasubiri mtu. Na zile mbegu za mchicha usizisahau safari hii.

Msalimie shemeji.

Ni mimi, shoga yako,
Mama Juma