Tunaogopa mizani kuliko sukari

Mhariri,

Nina kisukari cha aina ya 2. Kila siku ya kliniki naona jambo lilelile: wenzangu wanavua viatu, wanatoa funguo na simu mfukoni, kisha wanapanda mizani huku wamefumba macho. "Punguza mwili" tumezoea kuisikia kama karipio, kana kwamba ugonjwa ni adhabu ya ulafi. Wengine huacha kuja kabisa.

Wahudumu wa afya, tuelezeni sababu ya kupunguza mwili. Mafuta yakijaa kwenye ini na kongosho, insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, hushindwa kazi yake. Utafiti wa DiRECT wa Uingereza, uliotoka 2017, ulionyesha karibu nusu ya waliowekwa kwenye mpango wa kupunguza uzito walirudi chini ya kiwango cha kisukari bila dawa baada ya mwaka mmoja. Hilo nililisoma mwenyewe, kliniki sikuambiwa. Tena insulini ya sindano yenyewe huweza kuongeza uzito, na hapo pia tunalaumiwa!

Wahudumu, kabla ya kutukaripia, tuulizeni tumejaribu nini. Na dawa zetu zirekebishwe tunapopungua, maana sukari ikishuka ghafla ni hatari.

Msomaji wako