Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama, salaam nyingi.

Kazi iliyotushughulisha kuliko zote mwaka huu ni maji ya zahanati. Mama anayekwenda kujifungua pale bado hubebewa jerikeni ya lita 20 kutoka nyumbani. Tumelisema jambo hili kila Aprili, makadirio ya bajeti yanapofika bunge la kaunti, na kila mara tunajibiwa kwamba fedha zimeshagawanywa.

Na ni kweli zinakuwa zimeshagawanywa. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, Mpango wa Maendeleo wa Mwaka huwasilishwa kufikia 1 Septemba, na viwango vya fedha vya kila sekta hufika bungeni kufikia 28 Februari. Kwa hivyo safari hii tulianza Julai. Kamati ya utetezi ilizunguka vijijini, ikaandika jina la zahanati, kazi inayotakiwa na makisio ya fundi, ikayapeleka maoni hayo kwa mkono na nakala yetu ikagongwa muhuri. Kwenye kikao cha umma, mama mmoja wa kwetu alisimama na swali moja tu: "Tangi la zahanati yetu liko ukurasa wa ngapi?" Afisa akapekua rasimu, hakuliona, akaliandika palepale mbele ya watu. Sasa limo kwenye mpango.

Ila kuwemo kwenye mpango si kutengewa pesa. Februari ndiyo yenye kazi.

Barua yetu ya kuomba orodha ya miradi iliyokwama haijajibiwa, ingawa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inatoa siku 21. Tutaifuatilia.

Wapo wanaotaka majukwaa yetu kwa ajili ya uchaguzi wa Agosti 2027. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyopitishwa 2013 ikaanza kutumika 14 Mei 2024, inatambua utetezi kuwa kazi halali ya mashirika kama letu, na papo hapo inakataza kupigia debe chama au mgombea. Kila mwanachama ana kura yake na mgombea wake, lakini fulana na bendera za chama zisiingie katika vikao vyetu.

Hesabu za mwaka atazisoma mweka hazina. Maandalizi ya Februari yataanza Jumamosi ya kwanza ya Januari. Kila kijiji kilete watu wawili, mmoja wao awe mama anayeitumia zahanati hiyo.