Mdogo wangu, hiyo siyo kadari

Mdogo wangu,

Tangu Jumapili nilivyoikuta ile pakiti ya vidonge vyako vya sukari juu ya friji ya mama, imejaa vilevile nilivyoiacha mwezi uliopita, sijalala vizuri. Nilipokuuliza ukanijibu kwa upole kabisa, "Dada, siku yangu imeshaandikwa, vidonge haviongezi wala havipunguzi." Pale sikuwa na la kusema. Ila ulisema ndivyo tulivyofundishwa madrasa, kwamba sisi ni watu wa Al-Ash'ari, yule mwanazuoni wa zamani wa itikadi ya Kiislamu, basi nikaenda kusoma huyo Al-Ash'ari alisema nini hasa.

Ujue hili swali, kama matendo ya mtu ni yake au yote yameshapangwa na Mungu, watu wameligombania zaidi ya miaka 1,300, na Basra kule Iraki ndo lilipamba moto. Kulikuwa na Jabriya, waliosema binadamu hana lake, anapeperushwa tu kama unyoya kwenye upepo, na kulikuwa na Muutazila waliosema hapana, mtu anaumba matendo yake mwenyewe, la sivyo Mungu atamwadhibuje kwa haki? Al-Ash'ari, aliyefariki karibu mwaka 936, alianzia hukohuko kwa Muutazila, mwalimu wake akiwa al-Jubbai, mpaka umri wake ulipofika kama miaka 40.

Inasimuliwa alimuuliza mwalimu wake habari ya ndugu watatu, mmoja kafa mwema, wa pili kafa kafiri, wa tatu kafa mtoto. Yule mtoto akilalamika kwamba angeachwa akue angefika daraja ya kaka yake je? Al-Jubbai akasema Mungu atamjibu, nilijua ungekua ungeasi, nikakuchukua mapema kwa faida yako. Al-Ash'ari akasema, basi yule wa motoni atapiga kelele, mbona mimi hukunichukua mdogo? Mwalimu akanyamaza. Hapo nilifunga simu kwanza, maana nilimkumbuka kaka yetu aliyeondoka na miaka minne, na sitaki mtu yeyote anipe jibu jepesi juu yake.

Sasa sikiliza, alipowaacha Muutazila hakwenda kwa Jabriya. Alisema tendo anaumba Mungu, lakini mtu ndiye anayelichuma, yaani analifanya liwe lake, ndo hiyo wanaita kasb, na wanazuoni wenzake wengi waliiona ngumu kweli, hata mi kuna mahali inaniponyoka. Ila mfano wake hauniponyoki: alisema kuna mtu anayetetemeka kwa homa na kuna mtu anayekwenda na kurudi kwa kutaka kwake, na kila mtu anaijua tofauti hiyo ndani ya nafsi yake bila kufundishwa.

Unakumbuka ile malaria yako ya kidato cha pili? Nilikushikia kikombe kwa mikono miwili na bado chai ikamwagika kwenye shuka, meno yanagongana, unaniomba msamaha wakati hukuwa na kosa lolote. Ule mkono haukuwa wako siku ile. Lakini Jumapili nilikuangalia, ukaunyoosha taratibu, ukaipita pakiti ya vidonge, ukafungua friji ukatoa soda. Huo ulikuwa wako, na we mwenyewe unajua.

Kliniki ni Alhamisi. Nitakuwa hapo kwa mama saa moja asubuhi, tutaenda wote.

Dada yako